Masika na Toyota 86: kisa cha gari la South C

Mwenye gari ni dada mfamasia, mkazi wa South C, kazi yake Upper Hill. Gari ni Toyota 86 ya mwaka 2017, ya gia za mkono, iliyoshukia Mombasa ikitoka Japani. Nyumbani kuna Probox ya mumewe pia, lakini hiyo huondoka alfajiri kuelekea Kitengela na hairudi mpaka giza liingie. Alinitafuta mwishoni mwa Februari, vumbi likiwa bado limetanda mjini, na tayari alikuwa na mpango: katikati ya Machi alifunike gari turubai, achomoe betri, alifungie kwenye maegesho ya chini ya ardhi ya jengo wanamoishi mpaka Juni iishe.

Mpango huo hakuubuni usiku mmoja. Kwa muda mrefu amekuwa akiwafuatilia wenye magari kama lake walioko Ujerumani, Uingereza na Kanada, na ameona wengi wao Novemba ikifika wanayaingiza magari ndani, hawayatoi mpaka theluji iishe. "Kaka, wale wanayajua haya magari kuliko sisi," aliniambia. "Kama wao huyafungia majira mabaya yakija, mimi ni nani nisilifungie langu?"

Ni swali la haki, na kila Machi huwasumbua wengi wenye magari ya chini hapa Nairobi, iwe ni Roadster, Fairlady au Subaru iliyoshushwa springi. Nilimwambia jibu langu mapema ili asiwe na wasiwasi: usilifungie. Badilisha rimu na tairi, kisha tuamue litakuwa linalala wapi. Lakini nilitaka kwanza kuona chini ya gari, kuzisoma tairi, na kusimama mahali alipopanga kulifungia. Hapo pa mwisho ndipo palipogeuza kisa chote.

Wenye theluji wana sababu zao

Tuanze na anaowaiga, maana hawakosei. Kwao barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi ikichanganyika na maji huharakisha kutu. Hujipenyeza kwenye maungio ya bodi, mabomba ya breki na bolti za chini, wala haitoki kwa kunyunyiziwa maji mara moja. Gari likitembezwa humo misimu michache huanza kuliwa kwa chini huku rangi ya juu bado inang'aa.

Halafu kuna tairi. Mpira wa tairi za kiangazi, hasa zile za magari ya kasi, huanza kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na tairi ngumu haishiki lami hata ikiwa kavu. Ujerumani, tangu 2010, sheria inamtaka dereva awe na tairi zinazofaa baridi barabara ikishikwa na barafu au theluji. Asiye na seti ya pili hana budi kuegesha.

Pesa nayo inachangia. Hukohuko Ujerumani kuna namba za msimu, zilizoanza 1997, ambazo bamba lake limeandikwa miezi pembeni. Ukichagua Aprili hadi Oktoba, unalipa kodi na bima ya miezi hiyo tu. Uingereza mwenye gari anaweza kutangaza rasmi kwamba gari halitumiki barabarani, na kodi yake ikasimama.

Zipime sababu hizo hapa kwetu. Lami ya Nairobi haimwagiwi chumvi. Usiku wa Julai, ambao ndio wa baridi kali kwetu, kipimajoto mara nyingi husimama kwenye 10 na kitu, na masika yenyewe yana joto zaidi ya hapo. Tairi za kiangazi ndizo tairi zetu za mwaka mzima. Kodi ya barabara tunailipa ndani ya kila lita ya mafuta, kupitia ushuru wa matengenezo ya barabara uliopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, kwa hiyo anayeegesha haombi nafuu kwa mtu yeyote. Sababu zote tatu zinazomfanya Mjerumani afungie gari lake, dada yetu hana hata moja.

Ila chumvi nisiipite haraka hivyo. Magari mengi tunayonunua Japani yamewahi kuishi majira ya baridi ya huko, na yale ya kaskazini, Hokkaido na Tohoku, yamepita kwenye barabara zilizotiwa chumvi. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari, herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula chuma, na wanunuzi wengi Nairobi huangalia alama ya jumla na kilomita, wasizisome herufi hizo. Kwa hiyo tulilipandisha gari kwenye lifti. Tulikuta kutu nyepesi ya juujuu kwenye ekzosi na bolti kadhaa za nyuma, mabomba ya breki mazima, na maungio ya bodi safi. Kama tungekuta mabomba yameanza kumenyuka, mazungumzo yetu yangehusu breki kwanza, na mvua ingengoja.

Masika huliumiza gari vipi

Mvua kulinyeshea gari lililofungwa vizuri si tatizo. 86 ni kazi ya Toyota na Subaru kwa pamoja, na Japani ina msimu wake wa mvua kila Juni na Julai, mbali na tufani zinazofuata. Kinachoumiza ni maji yaliyotuama, na vile yanavyovificha.

Tumbo la 86 liko kama sentimita 13 tu juu ya lami. Ukiingia kwenye dimbwi polepole na peke yako, huenda ukavuka salama. Lakini Nairobi hauko peke yako. Matatu inayokuja upande wa pili haipunguzi mwendo, na wimbi inalolisukuma linapanda bampa yako mpaka kwenye grili, karibu na mdomo ambao injini inavutia hewa. Injini ya lita 2.0 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inaweza kumeza hadi lita 2,000 za hewa katika dakika hiyo. Haichagui inachovuta.

Hewa ikibanwa hukubali, na injini hii, FA20, huibana mara 12.5. Maji hayakubali. Kila mtungi (silinda) una ujazo wa karibu mililita 500, na pistoni ikifika kileleni nafasi inayobaki ni mililita 43 hivi, yaani vijiko vitatu vya chakula. Maji yakizidi hapo, pistoni inapanda na kukuta ukuta usiosogea, na konrodi, fimbo inayoisukuma pistoni, inapinda. Gari linazima katikati ya dimbwi, na mwenye gari, kwa hofu ya honi za nyuma yake, anajaribu kuliwasha tena. Huko kuwasha tena ndiko mara nyingi kunakogeuza injini ya kukaushwa kuwa injini ya kununuliwa. Nilimwomba dada hili alishike kuliko mengine yote niliyomwambia: likizima ndani ya maji, usiguse kitufe. Lisukumwe nje, na fundi atoe plagi kwanza. Kwenye injini hii mitungi imelala ubavuni, plagi ziko pembeni kwa chini, kwa hiyo kuzitoa ni kazi ya saa kadhaa wala si ya kando ya barabara.

Kuna madhara ya kimyakimya pia. Difu, sanduku la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu, ikiwa moto na kutumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani yake hunywea na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia. Oili inakuwa na rangi ya maziwa na meno ya gia huanza kusagika polepole. Miezi mingi baadaye mwenye gari anasikia mlio na hakumbuki lile dimbwi. Na maji yakipita juu ya kizingiti cha mlango hulowesha zulia, ambalo chini yake mmepita waya na soketi zisizopenda unyevu.

Zaidi ya hayo ni roho ya mtu. Maji yanayotembea ya kina cha sentimita 30 yanatosha kuyaelesha magari mengi madogo, na ya sentimita 60 yanabeba karibu kila gari. Masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Mathare nyumba zilisombwa na watu wakiwemo, na tarehe 10 Mei mwaka huo ikawa siku ya kitaifa ya kuwaombolezea. Ninapozungumzia rimu na konrodi sijasahau hayo. Mto au mfereji uliovunja kingo hauvukwi kwa gari lolote, liwe la chini au la juu.

Mashimo ni habari fupi zaidi. Dimbwi halikwambii kama chini yake kuna lami au shimo la kumeza ndoo, na tairi nyembamba ikiangukia ukingo wa shimo, rimu inapinda au mpira unachanika ubavuni. Nitalirudia hili kwenye rimu.

Na kuna utelezi. Januari na Februari lami ya Nairobi hukusanya vumbi, oili na mpira uliosagika. Manyunyu ya kwanza ya Machi hayatoshi kuvisafisha, huvigeuza kuwa utando. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye dereva anayependa kukanyaga mafuta akitoka kwenye mzunguko, litateleza siku hiyo kuliko katikati ya Aprili mvua ikiwa imekwisha kuiosha barabara. Kifaa cha kuzuia gari lisiyumbe kiachwe kimewashwa. Nilimwambia hivyo bila kumung'unya maneno, maana najua kitufe cha kukizima kiko karibu na mkono.

Shimo alilotaka kulifungia

Tulishuka naye kwenye maegesho ya jengo lao siku kavu kabisa. Njia ya kuingilia inateremka kutoka barabarani, na kwenye ukingo wake wa juu hakuna tuta la kuzuia maji, kuna wavu wa mtaro tu, nusu yake umejaa mchanga na mifuko. Chini, pembeni, kuna pampu moja ya kutoa maji. Nilimwuliza mlinzi inatumia umeme gani. Akasema wa kawaida, na jenereta ya jengo inawasha lifti na taa za ngazi. Kwa maneno mengine, mvua kubwa ikikata umeme, pampu inasimama saa ileile inapohitajika. Ukutani, kwa urefu wa goti, kulikuwa na mstari wa tope la zamani. Mlinzi hakuwa na haja ya kutueleza ulitoka wapi.

South C imejengwa kwenye tambarare ya udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Maji hayazami haraka ndani yake, mitaro ni michache na mingi imeziba, na wakazi wanajua mtaa wao hufurika. Maegesho ya chini ya ardhi katika mtaa kama huo ndiyo sehemu ya chini kuliko zote. Mpango wa dada ulikuwa kulichukua gari lenye tumbo la sentimita 13, kulichomoa betri, kulifunga, na kuliacha miezi mitatu na nusu mahali ambapo maji ya mtaa mzima yatakwenda kutafuta pa kukaa. Gari lililo barabarani linaweza kugeuza. Hilo lisingeweza hata kuwashwa.

Alinyamaza kitambo, akauangalia ule mstari wa tope. "Na mimi naegesha hapa kila siku," akasema.

Hapo ndipo swali lilipobadilika. Alikuja akiuliza aendeshe au afungie. Kilichobaki ni litalala wapi usiku wa mvua kubwa, kwa sababu hapo chini halikuwa salama hata akiliendesha kila asubuhi. Nawasihi wenzangu wenye magari ya aina hii: kabla ya kubishana kuhusu tairi, shukeni mkakague mtaro na pampu ya mnapoegesha.

Alifikiria pia kwa shangazi yake, Ngong. Ni juu, maji hayakai, na kuna banda la mabati lenye mlango. Lakini banda hilo ndilo ghala la mahindi ya shangazi, na penye mahindi pana panya. Panya akipata injini isiyowashwa kwa wiki kadhaa hujenga kiota juu yake na kutafuna waya, na kitita cha waya za injini ni ghali, tena kukipata ni kazi. Juu ya hilo, gari linalokaa muda mrefu huharibika kwa njia zake lenyewe. Kifaa cha kufuatilia gari, ambacho kampuni za bima hapa hudai kiwekwe, kinanyonya betri usiku na mchana. Ukichomoa betri, hicho nacho hatimaye huzimika, na bima yako huenda ikataka maelezo. Betri ya asidi ikikaa imeshuka chini ya volti 12 hufa kabla ya wakati wake. Diski za breki hushika kutu na pedi kung'ang'ania. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani, viti vinaota ukungu, na upepo ukilipepesa linasugua rangi. Nchi za baridi wanaofungia magari yao wana gereji kavu, vifuniko vya kitambaa vinavyopitisha hewa na chaja ndogo ya kuitunza betri. Ukinakili kufungia kwao usipoinakili gereji yao, umechukua nusu mbaya ya ushauri.

Asubuhi kavu, jioni maji

Njia yake ni fupi: anatoka mtaani kupitia Popo Road, anashika Mombasa Road, anapita Nyayo, Uhuru Highway, kisha mzunguko wa Bunyala anakata kushoto kupanda Upper Hill. Nilimwambia anionyeshe maji hukaa wapi. Akataja sehemu mbili za ndani ya mtaa, kabla hata hajaifikia barabara kuu, na Bunyala. Huko juu Upper Hill maji hayatuami. Yanateremka kuja kwa wengine.

Mtego wa njia hii uko kwenye saa. Mvua za masika za Nairobi mara nyingi hunyesha alasiri, jioni na usiku. Asubuhi jua linawaka, barabara kavu, na dada anaondoka na 86 akijiona amechagua vyema. Saa kumi na moja jioni mawingu yanafunguka akiwa kazini, na sasa hana uchaguzi: gari liko mjini, nyumbani kuko bondeni, na mahali pabaya zaidi pa safari nzima ni mita mia chache za mwisho, gizani, katikati ya foleni isiyompa nafasi ya kugeuza. Karibu kila gari la chini ninalosikia limezama mjini limezama likirudi nyumbani.

Kwa hiyo uamuzi wa asubuhi hautoshi. Anahitaji uamuzi wa jioni, ulioandaliwa mapema, wa kuliacha gari juu. Jengo anamofanyia kazi lina maegesho ya ghorofani yenye walinzi usiku kucha. Nilimshauri aombe ruhusa ya kulaza gari huko, na aiombe kwa maandishi, mvua ikiwa bado haijaanza. Akaenda kwa meneja wa jengo, akakubaliwa kwa sharti la kuandikisha namba ya gari kwa walinzi. Siku ya mvua anashuka kwa matatu au anaita teksi, miguu mikavu au mibichi, lakini injini iko salama.

Hilo lilimpeleka kwa wakala wake wa bima na maswali mawili. La kwanza, je, mafuriko yamo kwenye bima yake ya komprehensivu? Baadhi ya mikataba huyaingiza moja kwa moja, mingine huyaweka kama nyongeza inayolipiwa, na wengi hugundua tofauti hiyo siku ya kudai. La pili, fomu yake ilisema gari hulala South C. Kulala Upper Hill mara kwa mara kulihitaji kutajwa. Vyote viwili alivirekebisha kwa barua pepe, na akaulizia pia kiasi ambacho atakibeba mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa.

Rimu za Impreza

Hapa ndipo tulipowaiga watu wa baridi kwa faida. Kitu chao kinachofaa Nairobi kuliko gereji ni seti ya pili ya magurudumu.

86 yake ilikuja na rimu za inchi 17 na tairi za 215/45, yaani upana wa milimita 215 na ubavu wa asilimia 45 ya upana huo. Ukipiga hesabu, ubavu wa tairi hiyo una milimita 97 kati ya rimu na lami. Toyota yenyewe iliuza Japani matoleo ya 86 yenye rimu za inchi 16 na tairi za 205/55, ambazo ubavu wake ni karibu milimita 113. Hizo milimita 16 za ziada za mpira ndizo zinazoamua kama shimo la Lang'ata Road litakuwa mshtuko tu au rimu iliyopinda. Kipenyo cha gurudumu zima kinaongezeka kwa kama milimita 7, asilimia moja tu, kwa hiyo spidomita haipotoki kwa kiasi cha kukusumbua. Na tairi nyembamba kidogo hupasua maji vizuri kuliko pana, ambayo huelekea kuyapanda.

Raha ya jambo hili ni kwamba Nairobi imejaa rimu hizo. 86 inatumia bolti tano za duara la milimita 100 na tundu la kati la milimita 56.1, vipimo vilevile vya Impreza za kipindi hicho, na Impreza hapa zimejaa kila mtaa. Mafundi wa Kirinyaga Road wana marundo ya rimu za inchi 16 zilizotolewa kwenye gari za watu waliotaka kubwa zaidi. Dada alipata nne, zikazungushwa kwenye mashine kuona kama zimepinda. Moja ilikuwa na yumbo, ikarudishwa, akaletewa nyingine. Nilisisitiza zijaribiwe kwenye gurudumu la mbele kabla ya kulipa ili kuona kama zinapita breki bila kugusa, na kwamba hazitokezi nje ya fenda.

Tairi alinunua mpya. Zile alizokuja nazo zilikuwa bado na kashata nzuri ukizitazama kwa macho, lakini ubavuni ziliandikwa tarakimu nne zinazoishia na 17: zilitengenezwa mwaka uleule wa gari. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira wa umri huo umekauka, na mpira mkavu kwenye lami iliyolowa ni hatari hata kama mifereji yake ina kina. Uingereza sheria inakubali kina kipungue hadi milimita 1.6, lakini kwa mvua zetu mimi nisingeendesha gari la aina hii chini ya 3. Kuna watakaosema tairi mpya nne ni gharama kubwa kwa miezi michache ya mvua. Lakini zile za zamani zilikuwa zimekwisha kwa vyovyote, kiangazi au masika, na kama kuna sehemu moja ya gari hili nisingependa mtu abane shilingi, ni hii.

Fundi alifanya na kazi ndogo zilizobaki akiwa huko: mpira wa waipa, matundu ya kutolea maji chini ya milango, na uchafu uliokuwa umejaa chini ya kioo cha mbele, mabaki ya maua ya jakaranda ya Oktoba yaliyokuwa yameoza na kuziba mifereji. Hayo ya mwisho hupuuzwa mno. Mfereji ule ukiziba, maji yanatafuta njia ya kuingia ndani ya gari.

Alipofikia, na kinachoweza kubadilisha ushauri

Kwa sasa gari linatembea. Siku za kawaida anakwenda nalo kazini. Saa tisa alasiri anaangalia anga na taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa; kama mvua imeanza au inakuja, gari linalala Upper Hill. Mei atakwenda likizo ya wiki mbili, nalo litalala hukohuko juu: tangi limejaa, tairi zimeongezwa upepo kidogo, gia imeingizwa na hendibreki imeachwa bila kuvutwa ili pedi zisigande, kabari ya mbao nyuma ya gurudumu, na chaja ndogo kwenye betri. Bila turubai.

Ningebadili ushauri kama angehamia kazi ambayo haina maegesho ya juu. Hapo ningemwambia litafutiwe banda kavu, lisilo na nafaka, na liwashwe na kutembezwa kilomita kadhaa kila wiki mbili mpaka injini ipate moto kamili. Ningebadili pia kama springi zingekuwa zimeshushwa, maana sentimita tatu zikitoka kwenye kumi na tatu, hata matuta ya mtaani yanakuwa tatizo, achilia mbali maji. Na kwa wakazi wenzake wa lile jengo, wenye Vitz na Fielder wanaoendelea kulaza magari kule chini, dada amepeleka barua kwa kamati ya wapangaji akiomba mtaro usafishwe, tuta lijengwe mdomoni mwa njia, na pampu iunganishwe na jenereta. Mtaro umesafishwa. Mawili mengine bado yanajadiliwa.